Kesi ya Shira Iliyogoma Kuganda

Nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, sikukuu ina mipaka yake. Visheti ni vya Bibi, kaimati ni za Shangazi, na shira zao hazijawahi kuchanganyika. Shira ya visheti ni sukari na maji, basi. Ikishakolea humwagiwa visheti vilivyokwisha kukaangwa, vikageuzwa na kugeuzwa kwa mwiko mpaka sukari ikauke na kuvivika weupe. Kisheti kilichofuzu ukikigonga na mwenzake kinalia. Shira ya kaimati kazi yake ni nyingine. Hiyo inatakiwa ing'ae, iteleze, isigande hata sahani ikilala mezani mpaka kesho yake, na ndiyo maana Shangazi huikamulia ndimu. Kwa nini ndimu na si kitu kingine, hajaulizwa wala hajaeleza. Aliyemfundisha alikamua, naye anakamua.

Mwaka ule kiwiko cha Bibi kilikuwa kimevimba, mwiko haushikiki. Ramadhani ilipofika ukingoni akatangaza kwamba visheti vitapikwa na Shangazi, yeye ataketi mkekani kusimamia. Mama, ambaye kwa Shangazi ni wifi, na ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiusubiri urithi huo umwangukie yeye, alijibu, "Sawa, Mama," kwa sauti ambayo sisi wanawe tunaifahamu. Alikwenda kukuna nazi, na mbuzi akalia kuliko kawaida.

Kukanda na kukata kulikwenda vizuri. Unga ulishika samli na tui, hiliki ikanukia mpaka kibarazani, karai likatoa visheti vyekundu vya kupendeza vikajaa sinia mbili. Ikaja zamu ya shira: kilo mbili za sukari, maji ya kufunika, sufuria kubwa juu ya jiko la mkaa. Ilikuwa baada ya alasiri, saa ambayo swaumu humlegeza kila mtu. Bibi aliegemea ukuta, tasbihi mkononi, akasinzia.

Shangazi akanyoosha mkono kwenye bakuli la ndimu.

Sidhani alifikiri. Mkono uliozoea kaimati kwa miaka yote hiyo haungojei ruhusa. Alikata, akakamua, akakoroga. Mama alikuwa kando akichuja tui. Aliona. Baadaye, mbele ya baraza zima, aliulizwa kwa nini hakusema, akajibu kwamba wifi yake ni mtu mzima na yeye hakuitwa kushauri. Nyumbani kwetu jibu hilo huitwa adabu.

Ndimu ikichemka, harufu yake ndiyo ya kwanza kukimbia. Mafuta yale yanayonukia hupanda na mvuke, na baada ya muda mfupi jikoni unasikia sukari tu. Shangazi alinusa, hakusikia kitu. "Ndimu zenyewe za siku hizi hazina nguvu," akasema, akakamua nyingine. Ikatulia, akanusa tena, akaongeza. Mchana wa Ramadhani kwetu hakuna kuonja. Wako wanaoruhusu ncha ya ulimi na kutema. Bibi haruhusu hata hiyo. Kwa hiyo pua ndiyo iliyopewa usimamizi wote, na pua ilikuwa ikifuata kitu kisichohusika. Kinachofanya kazi ndani ya shira ni asidi, na asidi ya ndimu hairuki na mvuke. Tone la kwanza lilikuwa mle mle na lilikuwa kazini tangu liingie. Kila aliloongeza lilikuja kusaidia.

Shira ikakolea, ikavuta uzi baina ya vidole, kila kitu sawasawa kwa macho. Ikamwagwa juu ya visheti. Hapo ndipo Bibi alipozinduka, kwa sababu sauti ya kugeuza visheti ina hatua zake naye anazijua: mwanzo mwiko huzama, kisha huanza kukwaruza, mwisho sinia lote hulialia. Safari hii mwiko ulizama na ukaendelea kuzama. Visheti vilimeremeta. Shangazi aligeuza mpaka kanga ikamfunguka kiunoni, akampa dada wa kazi, dada akageuza, nikapewa mimi. Hakuna weupe. Vilikaa vinang'aa na kuteleza, kila kimoja kimevaa vazi la kaimati.

"Sukari mbovu hii," Shangazi akatoa hukumu.

Akachuja shira, akairudisha motoni, akaongeza sukari kwenye pakiti iliyobaki ili "kuipa nguvu". Ikachemka upya. Kaka yangu alikuwa amefika mchana huo kwa likizo. Ni mwalimu wa kemia wa sekondari, na kama walimu wote wa kemia ana imani kwamba jikoni hakuna linalomshinda. Akainama juu ya sufuria, akaona makamuzi ya ndimu yamejaa beseni la taka, akauliza, "Shangazi, hizi zote zimeingia humu?" Akaambiwa, "Zimeingia, baba, lakini zimeshaisha. Hazisikiki."

Hilo neno lilimwamsha mwalimu. Alikimbia kwenye kabati, akarudi na kopo la magadi yale tunayolainishia maharage, na kabla mtu hajauliza akatia kijiko cha chakula, kimejaa, ndani ya shira inayochemka.

Magadi na asidi vikikutana hutoa hewa ya ukaa. Kwenye maji matupu hewa hiyo hupanda na kutoka zake. Kwenye shira nzito haipati njia. Inavimba na kubeba shira nayo. Tuliona povu jeupe likipanda ukingoni mwa sufuria, kwa utulivu kabisa, kisha likavuka. Mkaa ukazima kwa mlio. Majivu yakaruka. Shira ikatambaa sakafuni kuelekea mlango wa uani, na adhana ya magharibi ikaanza. Tulifuturu kwa zamu, nusu yetu wakiwa na matambara mkononi. Shira iliyobaki ndani ya sufuria ilikuwa imepata rangi ya chai ya rangi, kwa sababu sukari iliyokatika haipatani na magadi kwenye moto, na ilikuwa na ladha ya sabuni. Usiku sisimizi walikuja kutoka nyumba ambazo hatukujua kama zina sisimizi.

Sitaacha kumtetea Kaka kwa hili moja. Wazo lake lilikuwa la kweli: magadi huua asidi, na asidi ikifa, kazi yake inasimama. Ila lililokwisha kutendeka halirudi. Alifika kumwamuru fundi ashushe msumeno wakati mbao zote ziko vipande.

Asubuhi visheti tulivyovitia kwenye debe vilikuwa vimeungana vikawa kitu kimoja. Hewa ya Tanga ina unyevu wake, na shira ya aina ile huuvuta. Bibi alijaribu kukitoa kisheti kimoja, akatoka na sita.

Sasa ikaja zamu ya muuza duka. Shangazi alivaa baibui, akafunga bonge la visheti kwenye mfuko, akaenda kumwonyesha mwenye duka la mtaani sukari aliyomuuzia. Yule bwana alikuwa mpole. Alimwambia, "Bi mkubwa, gunia hili wamekula mtaa mzima. Nani mwingine amelalamika?" Shangazi akasema wengine hawajui sukari. Maneno yakawa mengi, watu wakasimama, na habari ikamfikia Bibi kabla Shangazi mwenyewe hajarudi. Bibi hapendi jina la nyumba liende barabarani. Akaagiza kesi isikilizwe uani, siku hiyo hiyo, na ushahidi uletwe.

"Mume wangu," akamwambia Kaka, kwa utani wa bibi na mjukuu, "wewe si umesoma? Nionyeshe mwizi ni nani. Sukari, ndimu, au mwanangu."

Kaka alikuwa na deni la kulipa. Akachukua visufuria viwili vya ukubwa mmoja, sukari kutoka pakiti ileile iliyotuhumiwa, maji kwa kipimo kimoja. Cha kwanza sukari na maji tu. Cha pili, pamoja na ndimu iliyochujwa. Vyote vikafunikwa ili maji yasipotee upesi, vikawekwa kwenye moto mdogo. Kila baada ya dakika 5 kwa saa ya simu alichota tone kutoka kila kimoja na kuliweka kwenye sinia kubwa la bati: matone ya kisufuria cha kwanza safu ya juu, ya cha pili safu ya chini, kushoto kwenda kulia kwa mpangilio wa wakati. Bibi alitabasamu alipoona hivyo. Yeye miaka yote hupima shira kwa tone juu ya kisahani baridi. Hakuwa na jina la kitendo hicho, lakini alijua kwamba tone likishapoa linabaki lilivyo wakati lilipotolewa, hata sufuria ikiendelea na mambo yake. Maabara nazo hufanya vivyo hivyo: huchota kidogo, hukipoza ghafla, na kila sampuli inabaki na habari za dakika yake.

Sinia likafunikwa kawa, likawekwa juu ya bakuli lililosimama ndani ya beseni la maji, maana sisimizi wa jana walikuwa bado hawajaondoka. Kukangojewa matone yakauke. Na kwa kuwa katikati ya kungojea watu huzungumza, Kaka akazungumza.

Sukari ya kawaida, alisema, kwa jina la darasani sukrosi, ni sukari mbili zilizoshikana, glukosi na fruktosi. Maji yanaweza kuzitenganisha, lakini yakiwa peke yake hujivuta mno. Asidi huwa mwenyeji wa shughuli: hushika kiungo, hukilegeza, maji hukata, kisha asidi inatoka nzima na kwenda kushika kingine. Haitumiki. Ndiyo maana ndimu chache zinaweza kumaliza kilo mbili za sukari zikipewa muda. Uzito nao hauibiwi: kila gramu 342 za sukrosi hula gramu 18 za maji, zikatoka gramu 180 za glukosi na gramu 180 za fruktosi. Ukianza na kilo moja unamaliza na kilo moja na gramu hamsini na kitu, tena tamu zaidi kidogo.

"Sasa mbona haigandi?" Shangazi akauliza. Alikuwa ameketi mbali na Mama.

Kwa sababu kuganda ni kupangana. Molekuli za sukrosi zinafanana, zinajipanga mstari juu ya mstari mpaka chembe nyeupe inaonekana. Zikiingia glukosi na fruktosi katikati yake, umbo halilingani, mstari unavunjika. Hazihitaji kuwa nyingi sana ili kuleta fujo.

Kisha akaja kwenye jambo ambalo yeye, bila shaka, alikuwa akilisubiri tangu asubuhi. Mwaka 1850 Mjerumani mmoja, Ludwig Wilhelmy, mzaliwa wa Stargard huko Pomerania ambako leo ni Poland, aliyewahi kushika kazi ya duka la dawa kabla ya kuingia chuo kikuu, alifanya kesi hiihii. Sukari ya miwa, maji, asidi. Swali lake halikuwa kama sukari itakatika, hilo lilijulikana. Aliuliza inakatika kwa mwendo gani, na mwendo huo unategemea nini. Kabla yake wakemia walikuwa hodari wa kusema kitu gani kinageuka kuwa kipi. Saa haikuwa kifaa chao.

Na yeye pia, ukitaka kusema, alikuwa amefunga. Hakuonja wala hakufungua. Ufaransa, Jean-Baptiste Biot alikuwa ameshagundua miaka zaidi ya thelathini nyuma kwamba mwanga uliochujwa ukabaki unatetemeka upande mmoja, ukipita kwenye maji ya sukari, mtetemo wake huzungushwa. Sukrosi huuzungusha kulia. Glukosi nayo kulia, lakini fruktosi huuzungusha kushoto kwa nguvu zaidi, kwa hiyo mchanganyiko wa zote mbili humalizikia kushoto. Wilhelmy alijaza mrija, akapitisha mwanga, akaangalia pembe ikishuka kutoka kulia, ikipita sifuri, ikielekea kushoto. Kila pembe ilimwambia sukari kiasi gani imebaki, na sufuria haikuguswa.

Alichokiona akakiandika kwa hesabu: kasi ya kukatika, katika kila nukta ya wakati, inalingana na kiasi cha sukari kilichobaki wakati huo. Ikiwa imebaki nyingi, inakatika upesi. Ikibaki nusu, kasi nayo ni nusu.

Tuseme, Kaka akaendelea akichora kwa kijiti mchangani, kwa moto wa Shangazi na ndimu za Shangazi, nusu inakatika kila dakika 10. Kilo mbili zinakuwa kilo moja. Dakika 10 nyingine, nusu kilo. Nyingine, gramu 250. Nyingine, 125. Dakika 10 za kwanza zimekata kilo nzima. Dakika 10 za nne zimekata gramu 125 tu. Moto ni uleule, ndimu ni zilezile. Mchoro wake mchangani ulianza kwa mteremko mkali, ukalegea, ukaenda ukilala bila kugusa chini. Na hata ungeanza na kilo 10, nusu yake ingeondoka kwa dakika zilezile 10. Hilo ndilo lililonishangaza mimi kuliko yote. Nilizoea kudhani kikubwa huchukua muda mrefu kuliko kidogo.

Mama alikuwa kimya muda wote. "Kwa hiyo," akasema taratibu, "mtu angesema mapema, kwenye dakika zile za mwanzo, shira ingepona?"

"Ingepona nyingi, Mama."

"Na akisema baadaye?"

"Baadaye hakuna cha kuokoa."

Shangazi akamwangalia wifi yake. Mama akaangalia mchoro. Bibi akavuta tasbihi chembe mbili tatu, na nadhani hapo ndipo hukumu ilipogawanyika.

Palibaki suala la sukari iliyoongezwa. Shangazi alishikilia kwamba alipotia sukari mpya alikuwa akirekebisha. Kwa muda mfupi, ndiyo. Sukrosi mle ndani ilipanda. Lakini kasi nayo ilipanda papo hapo, kwa sababu kasi hufuata kilichomo, na asidi ilikuwa bado ipo ikisubiri. Sukari mpya haikuwa na kinga yoyote. Robo saa baadaye sehemu yake kubwa ilikuwa imekwenda njia ya wenzake.

Na moto? Kila jioni tunafuturu kwa sharubati ya ndimu, sukari na ndimu kwenye jagi moja, na sukari yake kwa saa zile chache karibu haibadiliki. Hilo nalo lina mtu wake. Mwaka 1889 Svante Arrhenius, Mswidi, aliitumia sukari hiihii kueleza kwa nini joto dogo huleta mbio kubwa. Molekuli zote ndani ya jagi zinagongana, ila chache tu zina nguvu ya kutosha ili mgongano uzae kitu. Joto likipanda, hizo chache huongezeka haraka mno. Kwa sukari na asidi, ukitoka kwenye joto la chumba chetu ukaongeza nyuzi 10 tu, kasi inakaribia kuwa mara nne. Ukienda mpaka kwenye shira inayochemka, ni mara maelfu. Jagi na sufuria vina ndimu moja. Kilichovitofautisha ni mkaa.

Kaka alitaka kuendelea mpaka Berlin 1913, kwa Leonor Michaelis na Maud Menten, daktari kutoka Kanada, waliochunguza sukari hiyohiyo ikikatwa na kimeng'enya cha hamira badala ya asidi. Kimeng'enya kina mikono ya kuhesabika: sukari ikizidi, mikono yote inakuwa na kazi, na kuongeza sukari hakuongezi kasi tena. Shangazi alizinduka aliposikia hamira. "Hamira ya kaimati?" Ndiyo, hiyo. Kwenye bakuli lake la unga wa kaimati mkatano huohuo unaendelea, kimyakimya, wakati yeye anangoja uumuke. Alionekana kufurahi kidogo, mara ya kwanza tangu jana. Bibi akakata: hamira haijashitakiwa.

Ni haki niongeze, maana Kaka mwenyewe alikiri nilipombana, kwamba hesabu ya Wilhelmy inakaa vizuri kwenye maji mengi yenye sukari kiasi. Pale maji yanayoliwa hayaonekani kupungua, unaweza kuyasahau. Shira ya nyumbani ni kitu kingine: maji yanatoka na mvuke, asidi inazidi kukolea, joto linapanda kadiri shira inavyokuwa nzito. Mstari wake mzuri wa mchangani ungekuwa na mapindi. Wilhelmy alifunga sehemu kubwa ya milango hiyo ndipo akaona sheria. Na hata alipoiona, watu hawakumsikiliza. Chapisho lake lilikaa miongo kadhaa bila kujaliwa, mpaka Wilhelm Ostwald alipolifufua. Ostwald mwenyewe alipata Nobeli ya kemia mwaka 1909 kwa kazi juu ya vichocheo na kasi ya mmenyuko. Wilhelmy alikuwa amefariki tangu 1864.

Kesho yake kawa likafunuliwa.

Safu ya juu, ya sukari na maji, ilikuwa nyeupe tupu. Kila tone limekuwa kidonge kigumu chenye chembe, ukilipitishia ukucha linakwaruza. La mwanzo na la mwisho karibu huyatofautishi. Safu ya chini ndiyo iliyokuwa na hadithi. Tone la kwanza, lililotolewa ndimu ilipoingia tu, lilikuwa jeupe sawa na jirani yake wa juu. La pili lilikuwa na weupe wa ukungu, kati lina chembe na pembeni linanata. La tatu lilikuwa na doa dogo la chembe, basi. Kuanzia hapo matone yalikuwa maangavu, laini, yanashika kidole, na la nne na la saba ungeyabadilisha nafasi asijue mtu. Mabadiliko yote yalikuwa upande wa kushoto wa sinia. Upande wa kulia hapakutokea kitu cha kuonekana, ingawa moto ulikuwa ukiwaka vilevile.

Bibi alipitisha kidole juu ya safu zote mbili, taratibu, mara ya kwenda na ya kurudi. Kisha akahukumu. Sukari haina kosa. Mwenye duka apelekewe sahani ya kaimati na aombwe radhi, na atakayepeleka ni Shangazi, kwa miguu yake, wakati watu wapo. Mama naye, kwa kuwa aliona kwenye dakika za mwanzo akanyamaza, atakanda visheti vipya peke yake kabla mwezi haujaandama, na shira atapika Bibi kwa mkono wake wa kushoto. Kaka asugue sufuria ya magadi mpaka ing'ae. Ndimu, kuanzia siku hiyo, zisikae jikoni siku ya visheti. Zikae chumbani kwa Bibi, chini ya kitanda.

Visheti vya mara ya pili vililia vizuri. Shira ya mashitaka, ile iliyochujwa kwenye sinia kabla ya magadi kuingia, Shangazi alikuwa ameikinga kwenye chupa mbili bila kumwambia mtu, na siku ya Idi akaitumia kwa kaimati. Sijapata kuona kaimati za namna ile. Ziling'aa asubuhi, ziling'aa jioni, wageni wa siku ya pili wakazikuta zinang'aa. Jirani mmoja mwenye harusi mwezi ule akaomba apikiwe shira kama hiyo, kwa malipo. Shangazi akaanza kusimulia mkasa mzima kwa namna ambayo ndimu zile zilikuwa mpango wake tangu mwanzo.

Akamwita Kaka kabla hajarudi kazini. "Baba, nikokotolee. Kilo tano za sukari, nataka ikatike nusu tu, isizidi. Niweke ndimu ngapi, nichemshe dakika ngapi?"

Kaka alifurahi. Akatoa daftari, akachora jedwali, akauliza maswali ya moto na ya maji, akaandika kwa mwandiko wa ubaoni: ndimu kadhaa, dakika kadhaa. Shangazi akavaa miwani, akalisoma jedwali lote kwa heshima mpaka chini.

"Ndimu za Muheza au hizi za sokoni Mgandini?" akauliza. "Maana hizi kubwa zina maji tupu, na zile ndogo moja tu inakutoa machozi. Kwani ndimu zinalingana?"

Kaka akalitazama jedwali lake. Akafunga daftari, akaenda uani kumalizia kusugua sufuria.